Tela la Vyombo vya Harusi

Alhamisi

Usingizi hauji. Namwaza mama.

Leo vyombo vya harusi ya dada vilitoka Makurunge kwa tela la ami. Sanduku zito lilipakiwa nyuma kabisa, watu walione. Gari lilipokaza mwendo tela likayumba huku na huku, na mama, aliyepanda humo, akapiga yowe.

Niliona tela limelala nyuma, mbele limeinuka. Nikasema, "Ami, tusogeze sanduku mbele."

"Haya, fundi wetu!" alicheka, lakini akalisogeza. Tela likatulia.

Jioni, tulipotua njiani kulala, shangazi akanung'unika, "Huko mbele nani ataliona? Kesho lirudi nyuma." Na kesho mama atapanda tena, mpaka Miono harusini.

Sijapata kumbishia shangazi. Kesho nitambishia, kwa adabu, lakini nitambishia.