Bata Walionona

Mdogo wangu Nyamisi,

Hujambo, na huyo wa tumboni hajambo? Shemeji anaendeleaje, na mihogo ya hapo Guta imeshika? Sisi tunapumua. Baraka nimemwacha chekechea, nina saa moja ya kukuandikia kabla sijarudi kazini.

Sikupiga simu kwa sababu simu ni ya shemeji, inawekwaga sauti kubwa mpaka jirani anajibu. Meseji nazo zinasomwa na kila mtu. Hii isome peke yako kwanza.

Kazi yangu huku Ujerumani unaijua, kusafisha mabanda ya bata wa maabara. Wanawachunguzia ugonjwa wa ini. Kirusi chao hakimwingii mtu, ila kinafanana na cha watu, ndiyo maana wanawafuga. Wiki ya kwanza niliambiwa niwawekee maranda ya kulalia bata wazima kwanza, wagonjwa mwisho. Nikaanza na banda la wanono, wale wenye kelele, wanaogombania maji. Mama Furaha, Mkongo ninayefanya naye kazi, akanidaka mkono.

"We mama, unaenda wapi? Hao ndio wagonjwa wenyewe."

"Hawa? Mbona wamenona kuliko mimi!"

"Nani hajanona kuliko wewe?" Akacheka, halafu akaacha. "Wamezaliwa nacho. Mama yao aliwapa ndani ya yai. Bata mkubwa akikipata, mara nyingi mwili unakifukuza. Kifaranga hawezi. Anakua nacho, anakula, anataga, na watoto wake vilevile."

Nikamkumbuka mama. Alikuwaga na nguvu, kalima pale Buswahili mpaka wiki ile macho yalipogeuka manjano na tumbo likajaa maji. Tulipomzika, sisi tukasema kilichomuua ni uji wa mama mkubwa. Hatukumsalimia tena.

Wafanyakazi tunapimwa damu. Mimi ninacho, kile cha watu. Daktari akasema si cha huku, huenda nilizaliwa nacho. Wakampima na Baraka, niliyemzalia jikoni kwa mama. Naye anacho. Amenona, anacheza. Kila nikimwogesha namtazama macho.

Na wewe kwenye meseji yako unasema, "Usiwe na wasiwasi dada, niko mzima, nimenenepa, sijaumwa hata kichwa." Hayo ndiyo yaliyonitisha.

Tumetoka tumbo moja. Kapime homa ya ini, usiishie malaria na ukimwi. Usiende kuzalia Suguti kwa mama mkwe wako, hata akinuna. Zalia hospitali, Musoma, na uwaulize mapema, uchungu haujaanza, kama wana chanjo ya homa ya ini ya kumchoma mtoto siku ileile anayozaliwa. Kama hawana, wakuambie iko wapi, ukazalie huko. Mimi siku hiyo ya Baraka ilinipita nakunywa uji, namsifia mtoto mashavu.

Msalimie shemeji, na hapo pa hospitali msomee. Mama mkwe msalimie kwa adabu, lakini usibishane naye, wewe ondoka tu. Mama mkubwa usimtumie salamu. Nenda mwenyewe kwake Bunda, upige magoti, umwambie uji wake haukuwa na kitu. Halafu mwombe akusindikize hospitali. Hatuna mama mwingine.

Ukishapima niandikie walichokuambia. Usinijibu kwamba umenenepa.

Dada yako anayekupenda,
Mama Baraka