Chokaa kwenye Kigoda cha Marehemu

Baba Sifael,

Ndizi zimo chunguni, maziwa yamo kibuyuni. Ukuta usiuguse, chokaa bado mbichi.

Nimekwenda kwa mama Akheri. ~~Sirudi.~~ Narudi jioni. Kigoda cha marehemu baba yako ninacho mimi.

Asubuhi baba yako mkubwa aliinuka kigodani na shuka yake imejaa chokaa matakoni, watoto wakacheka, nawe ukasema mbele yao kwamba sijui kukoroga. Kukoroga najua! Ukutani si imeshika? Kigoda hicho kimepakwa samli tangu hujazaliwa, chokaa ingeshika wapi? Nilikukataza. Ukasema nyumba ya Mkristo iwe nyeupe yote kama ya Mjerumani wa misheni, ukakipaka mwenyewe.

Mzee umwombe radhi wewe, mimi simo.

Nitakikwangua, nikipake samli mpaka kirudie weusi wake. Na usiniambie mwanamke hakalii kigoda cha mzee. Nimekikalia sasa hivi nikikuandikia, meza yako imenifika kidevuni, na paa halijaanguka.

Mama Sifael