Kizuizi ni Mimi

Jumapili, 26 Aprili 1998

Leo tangazo la ndoa limesomwa kanisani mara ya kwanza. Fulgence wa marehemu Remigius, wa Ifakara, na Paulina wa Barnaba, wa Michenga. Mdogo wangu Fulgence kavaa shati nililomshonea, kifua mbele, utadhani anatangazwa mkuu wa wilaya. Sawa. Acha afurahi. Na mimi nipumue.

Maana Januari siisahau. Siku tatu hajala, kajifunika shuka gubigubi, eti bila Paulina anakufa. Nikamwambia haraka haraka haina baraka. Akanijibu humo humo ndani ya shuka: ngoja ngoja huumiza matumbo! Nani aliyekwenda Michenga kwenye tope na barua ya posa? Mimi na mjomba Raimundi, yeye na jembe la posa begani, mimi na viatu mkononi. Na mwaka jana alikuwa anakufa kwa ajili ya Dativa wa Sanje. Jina lake aliliandika kwenye madigadi ya baiskeli. Kalipaka rangi juu, bado linasomeka.

Harusi Jumamosi tarehe kumi na sita Mei. Gauni nimeshalikata. Bado mikono.

Jumatano, 29 Aprili

Mjomba kampeleka Fulgence ng'ambo ya mto, Lupiro, akaamie ndege, awafukuze kwenye mpunga wake. Siku chache tu, awahi tangazo la pili. Pantoni inavuka kwa shida. Mvua za mwaka huu, jamani!

Jumapili, 3 Mei

Tangazo la pili. Fulgence hakutokea. Nilikaa na Paulina benchi moja. Msichana mtulivu, viganja vina sugu za jembe. Akaninong'oneza — wifi, anaumwa? Nikasema pantoni. Jana pantoni ilivuka mara mbili. Mimi najua, na nadhani yeye pia anajua.

Jumanne, 5 Mei

Karudi. Kaingia anapiga mluzi. Nikajua kuna jambo.

Aneth. Eti anaitwa Aneth. Anaamia ndege shamba la jirani, dungu lake, kichanja cha kulindia, linatazamana na la mjomba. Huyu akipiga debe huku, yule anapiga debe kule. Huyu akirusha udongo, yule anarusha. Basi, ndiyo mapenzi hayo! Siku tano! Mimi khanga tu naichagua wiki nzima.

Na Paulina je? Anasema kwa Paulina alidhani anapenda, sasa ndiyo amejua kupenda. Hajawahi kujisikia hivi. Nikamwambia maneno hayo uliyasema Januari, na mwaka jana uliyasema, badilisha basi hata neno moja. Akacheka. Halafu akalia, hapo hapo, kicheko hakijaisha mdomoni. Miaka ishirini na mbili!

Mama alipofariki yeye alikuwa na saba, mimi kumi na tano. Kila akilia nilimpa kitu anyamaze. Kipande cha muhogo, mgongo wangu, chochote. Labda nililea vibaya. Lakini nani alinifundisha kulea?

Ijumaa, 8 Mei

Nimemkalisha chini. Nikamwambia, tangazo la tatu likipita ndiyo basi. Kama Paulina humtaki, nenda leo hii kwa Padre, mweleze taratibu ofisini kwake, lisisomwe, mtoto wa watu asiaibike. Kanishika mikono yote miwili. Dada Apolonia, umenifumbua macho. Mke ni Paulina. Kaapa kwa kaburi la mama.

Akapanda baiskeli mpaka Michenga, akamsaidia Mzee Barnaba kuhamisha mpunga uliofuatwa na maji. Karudi na tope hadi masikioni, anamsifu Paulina jinsi anavyopika kambale. Mungu ashukuriwe. Mikono ya gauni nimeimaliza.

Jumapili, 10 Mei

Sijui nianzie wapi.

Padre kasoma tangazo la tatu. Kasema kama ilivyo desturi, mwenye kujua kizuizi aseme. Ni maneno tu. Mwenye neno huenda ofisini baadaye, kanisani hakuna anayejibu, watu hapo wanakohoa na kufungua vitabu vya nyimbo. Fulgence akasimama. Katikati ya wanaume.

"Padre, kizuizi ni mimi."

Kanisa zima! Padre akasema keti, mwanangu, tutazungumza. Hakuketi. Eti hawezi kusema uongo mbele ya Mungu, moyo wake uko Lupiro. Kumbe jana kuna mtu kavuka kamletea salamu za Aneth. Salamu! "Anakusalimu" — hilo tu! Mimi watu wananisalimu kutwa na sijavunja uchumba wa mtu.

Mzee Barnaba akanyanyuka, akamshika binti yake mkono, wakatoka. Paulina hakulia. Angelia ningepata nafuu.

Njiani nikamuuliza, Ijumaa uliapa nini? Akasema, dada, Ijumaa ilikuwa kweli. Na leo ni kweli. Na ubaya ni kwamba hadanganyi. Nilitaka kumzaba kofi. Nikamzaba.

Jumatatu, 11 Mei

Jembe la posa limerudi. Kaka yake Paulina kaliweka mlangoni. Hakunywa hata maji.

Jumatano, 13 Mei

Jana Fulgence alivuka kwenda kumposa Aneth kwa mdomo wake mwenyewe. Bila mshenga, bila mjomba, bila haya. Leo karudi uso umemshuka. Habari zilimtangulia. Aneth kamwambia, mwenzangu umemwacha mbele ya altare, mimi utaniacha wapi, sokoni?

Nimecheka peke yangu jikoni. Ningependa kumjua huyo msichana.

Hiyo ni saa sita. Saa tisa — saa tisa! — kaja kasimama kwenye charahani yangu. "Dada. Paulina." Paulina kafanya nini? "Ni yeye. Nilipotea. Nipeleke Michenga." Nimemrushia ndala. Zote mbili.

Alhamisi, 14 Mei

Fulgence alikuwa mashineni anakoboa mpunga, akaja Paulina. Peke yake, kwa miguu. Akasema shikamoo dada. Si wifi tena. Alikuja kuniambia gauni nisilifumue, likipata mteja niliuze, kazi yangu isipotee. Nikamwomba msamaha kwa niaba ya nyumba yetu. Kisha akauliza, anakula?

Anakula! Aliyefedheheshwa ni yeye, halafu anauliza kama yule anakula! Nikaona hatari. Fulgence akifika Michenga na machozi yake, huyu atamrudia, na mwezi haujaisha kutakuwa na dungu jingine na debe jingine. Safari hiyo Paulina atakuwa ndani ya ndoa, labda na mimba. Nikamwambia waziwazi, Paulina, akija usimkubali. Ni damu yangu, nampenda, lakini usimkubali. Akasema amesikia. Kusikia si kukubali.

Ijumaa, 15 Mei

Shuka ile ile, gubigubi. Hataki kula. Anasema kesho ndiyo ingekuwa harusi yake, basi kesho ataamkia Michenga akapige magoti.

Nikapandwa na hasira. Neno likanitoka kabla sijalipima. Nikasema usijisumbue, Paulina hayupo, wamemvusha, yuko Lupiro kwa shangazi yake, kesho anapandishwa Mahenge na harudi. Uongo mtupu! Nilijua pantoni imesimama tangu jana, maji yamezidi. Nikadhani atalia siku mbili, ya tatu ataona mwingine. Ndivyo alivyo.

Kageukia ukutani. Nikaona dawa imeingia.

Jumamosi, 16 Mei

Asubuhi shuka tupu. Nikadhani kaenda kuoga.

Saa nne kaja Hilary, yule anayeuza samaki kivukoni, anahema. Fulgence kafika mtoni kulipopambazuka, kawaomba wavuvi wamvushe. Wamekataa, mto haufai. Kafungua mtumbwi wa mtu, kaingia peke yake. Wanamwita, yeye anapiga kelele kwamba anamfuata mke wake kabla hajapandishwa Mahenge. Hilary akaniuliza, mke gani?

Nilikwenda. Maji mekundu, yanabeba miti mizima na mizizi yake. Hajaonekana upande wa pili. Wavuvi wanne wameingia na mitumbwi miwili. Wamenirudisha nyumbani, eti nawachanganya kwa kelele.

Kuogelea anajua kidogo. Kila kitu anajua kidogo! Angengoja siku moja tu. Angemuuliza mtu mmoja wa Michenga, Paulina yuko wapi, angeambiwa yuko shambani kwao. Mtu mmoja! Lakini na mimi ningelimeza lile neno moja. Pumbavu wewe, Apolonia.

Saa nane. Hilary karudi. Mtumbwi wameuona kwenye matete, mbali chini ya kivuko, umepinduka. Mtu hayupo. Wanaendelea kutafuta. Yeye kaenda kumwita mjomba.

Saa tisa. Hodi. Nikajua ni wao.

Ni Paulina. Na kikapu cha mchele mpya. Nyumbani kwao wamemkataza, katoka hivyo hivyo. Anasema, dada, maneno yako nimeyafikiri siku mbili, nimeshindwa. Kama anataka kuniomba msamaha aniombe leo, leo ilikuwa siku yetu. Yuko wapi?

Nikasema katoka.

Atarudi saa ngapi?

Nikasema jioni. Jioni! Mdomo huu!

Kajitanda khanga, kaingia jikoni mwenyewe. Namsikia anapepeta. Mimi nimekaa kwenye charahani, naandika kwa sababu mikono haitulii. Nimwambie. Nikimaliza mstari huu naenda kumwambia.

Anauliza kutoka jikoni, apike wali wa watu wangapi.

Nimesema watatu.