Shemeji Anasema Nimembebea Figo ya Nguruwe

Mpendwa mshauri, naomba msaada, tena upesi, natuma kwa sauti maana mimi na kalamu hatujuani, ila usukani muulize yeyote, dereva kama mimi hajazaliwa, mimi ndiye ninayetoa figo za nguruwe machinjioni nazipeleka maabara, pale wataalamu wanajifunza figo ikae vipi hai nje ya mwili, wanaitia kwenye mashine inasukumiwa maji baridi ya dawa, bila mimi wangesukuma hewa, sasa shemeji yangu, kaka wa mke wangu, figo zake zilikufa, juzi akapata ya marehemu mmoja aliyekubali akiwa hai, ikahifadhiwa kwenye mashine kama zile zetu, akawekewa, ikakojoa kabla mwenyewe hajazinduka, ukoo mzima tukashangilia mkojo, basi nikaenda wodini kumchekesha, "Shemeji, hiyo figo nimeibeba mimi kwenye gari langu," akaduwaa, "Gari lile la nguruwe?" nikamwambia, "Ninalo lingine? Ukianza kuguna ujue imekubali," nikaondoka nacheka, kumbe leo asubuhi katema dawa za kuufanya mwili usiikatae, anasema acha ikataliwe, haishi na nguruwe tumboni, nimeapa ni utani, figo ni ya mtu, akanijibu, "Wewe tangu lini ukasema kweli?" Mwanangu, niape vipi aniamini? Asipomeza figo inakufa, na mke wangu hajui.

Mzee wangu, usiape tena! Kiapo chako hakinunui hata kiberiti. Mtu ana mshono mbichi, wewe unamtania? Ulimi hauna mfupa, lakini wako hauna hata breki, na dereva ni wewe!

Dawa iliyotemwa haisubiri kipindi chetu cha redio, kwa hiyo tulipousikia ujumbe wako tukapiga namba yako papo hapo. Simu umeiacha nyumbani, akapokea mkeo. Nilimwambia yote, usininunie. Akakimbia wodini, akamwita daktari aliyeipandikiza hiyo figo. Daktari akamweleza shemeji yako kwamba ni ya mtu, na zile za nguruwe ni za kujifunzia tu, hazitoki maabara. Akameza palepale. Wamempima, figo haijatetereka. Shusha pumzi, mzee.

Halafu, anasema mkeo, mgonjwa akauliza, "Huyo mwongo yuko wapi? Wodi imepoa."

Basi nenda. Nawa mikono, kaa kwenye kiti, habari za gari usizitaje. Dawa zikija mpe maji, mtazame mpaka ameze. Na mkeo akianza kukusema, mzee wangu, meza na wewe.