Usimwitikie Kabla Hujameza

Katoro, Jumapili

Mayu, mama yangu, shikamoo. Mguu umeamkaje leo? Mimi na mjukuu wako Kabula ni wazima. Bado nawapikia wachimbaji kwenye maduara, haya mashimo ya dhahabu, wanakula mpaka ukoko.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu nikitaja presha tu, unasema mtandao unakata. Barua haikati, mayu. Kaka Masanja akusomee yote, asiruke.

Yeye ndiye ameniambia unaburuza mguu wa kushoto, na juzi ulisimama zizini ukasahau ulichofuata. Eti majirani wanasema umetegewa kitu njiani, upelekwe kwa mganga. Mayu, ngoja kwanza.

Mama wa mwenye nyumba wangu, bibi Holo, alianza hivyohivyo. Walipompiga picha ya kichwa huko Mwanza, daktari akamuuliza, "Bibi, kiharusi ulikipata lini?" Bibi akacheka, "Nani, mimi? Si juzi tu nimepalilia mpunga!" Kumbe mle kwenye ubongo mna sehemu ndogondogo zilizokufa zamani, mishipa ya damu iliziba, na yeye hakusikia hata maumivu. Presha na sukari vilikuwa vinamla kimyakimya. Tangu hapo usingizi siupati vizuri, nakuwaza wewe.

Maana nawajua, wewe na shoga zako wa Tinde. Dawa mnameza asubuhi ya kliniki tu, kipimo kisome vizuri, nesi asiwagombeze. Halafu mnarudi mnacheka njia nzima. Haya, nesi mmemdanganya, na huo mshipa wa kichwani je?

Barua ikifika, Masanja akupeleke hospitali Shinyanga, asingoje siku ya kliniki. Umwambie daktari ukweli kwamba huwa humezi. Mganga atasubiri. Na chumvi kwenye nsansa punguza, hata kama mboga itakuwa kama majani ya mbuzi.

Ukishapewa dawa, Kabula atakuamkia kwa simu kila asubuhi. Ameshajifunza: "Shikamoo bibi," kisha ananyamaza. Usimwitikie mpaka umeze. Nitakuwa pembeni na mwiko wangu, nasikiliza. Najua huwezi kumwacha mtoto bila marahaba.

Nisalimie baba mdogo anayetuchungia ng'ombe, na shangazi wa Isaka akipita na vitunguu vyake.

Kikombe cha maji kiwe karibu na simu, mayu. Tutangoja hapa mpaka uitike.

Mwanao anayekutaka mzima,
Mbuke