Sindano Iliyosogea Bila Waya

Lucky Summer, Nairobi
Jumapili alasiri

Kwa Baba mpendwa,

Kabla sijasema langu, niambie kwanza bega lako la kulia linaendeleaje. Mama aliniandikia kwamba asubuhi za baridi huwezi kuinua nyundo kubwa, na kwamba unamficha kwa kujifanya unatafuta makaa. Ile dawa ya kuchua niliyomkabidhi mchungaji wetu aliporudi nyumbani Samia, ilikufikia? Na kifua cha Mama kimetulia? Mvua je, imenyesha, au bado mnayatazama mawingu yakivuka kwenda Uganda bila kuwasalimu? Mimi ni mzima. Nimekonda kidogo, lakini ni kwa wasiwasi, si kwa njaa, kwa hiyo Mama asianze kulia.

Baba, katika barua yako uliniuliza ni kitu gani kinachoniweka huku, ikiwa kazi yenyewe ni kuandika majina ya mota za watu. Sikukujibu upesi kwa sababu sikuwa na jibu la kukuheshimu nalo. Leo ninalo, au nadhani ninalo, na nitakueleza taratibu ili uamue mwenyewe.

Karakana ya Mzee Njoroge iko pale pale Kariobangi. Watu wanaleta mota zilizoungua, za posho mill za kusagia unga na za pampu, mafundi wanatoa waya wa zamani na kuzivisha mpya. Mimi nakaa mlangoni, naandika mota ya nani imekuja na inachukuliwa lini. Siku hizi stima inakatwa kwa zamu, mtaa huu leo, ule kesho, kwa hiyo mara nyingi mafundi wanakaa juani wakicheza drafti na mimi naandika tu "bado, bado, bado". Maji nayo yanakuja yanapotaka. Ninapanga chumba kimoja na kijana wa Kakamega anayefanya kazi ya kibarua kiwandani mtaa wa Baba Dogo, mtu mwema ila anakoroma.

Sasa sikiliza. Karibu na ninapokaa kuna kanisa, na ndani ya ukumbi wake kuna darasa la watu wazima. Ni watu waliokatiza masomo na sasa wanajiandaa kwa mtihani wa kidato cha nne. Anayelisimamia ni Mwalimu Wairimu, mama aliyestaafu kutoka shule ya serikali, mwembamba, mnyoofu, asiyecheka ovyo. Mwalimu wao wa sayansi aliondoka. Mtu akamwambia kwamba karani wa kwa Njoroge alipata A ya fizikia. Akaja mpaka mezani kwangu, akasimama kati ya mota mbili, akasema:

"Wewe ndiye Wandera? Jumamosi mchana utafundisha somo moja, nikikaa nyuma. Nikiridhika, nafasi ni yako. Nisiporidhika tutasalimiana njiani kama kawaida."

Nikamwambia, "Mwalimu, mimi sijawahi kusimama mbele ya watu."

"Basi ujue hili mapema," akasema. "Hawa ni watu wazima. Wametoka kazini wamechoka. Wakikuona umebabaika siku ya kwanza, wiki inayofuata nitafundisha viti."

Baba, unanijua. Mimi ndiye niliyekuwa nikijificha nyuma ya mivukuto wageni wakija. Lakini niliitaka nafasi hiyo kuliko kitu chochote nilichokitaka tangu nilipokosa chuo kikuu. Wiki nzima sikulala vizuri.

Nilichagua kuwafundisha jinsi sumaku inavyozaa umeme, na habari za mtu aliyeligundua jambo hilo. Alikuwa Mwingereza wa zamani, na unajua baba yake alikuwa nani? Mhunzi. Mhunzi mgonjwa mgonjwa, ambaye siku nyingine hakuweza kwenda kwenye tanuri. Kijana mwenyewe alisoma shule kidogo sana, akapelekwa kujifunza kazi ya kujalidi vitabu. Wenzake walivitia gundi, yeye alivitia gundi akavisoma. Humo ndimo alimokutana na umeme mara ya kwanza.

Basi Jumamosi nikaenda na vifaa vyangu. Mzee Njoroge alinipa kwa moyo mmoja roli ya waya mwembamba wa shaba na sumaku moja ndefu kama kidole gumba, akaniambia, "Enda, kijana, lakini usiniunguzie kanisa." Dira ndogo ya plastiki niliinunua sokoni Gikomba. Nilizungusha waya mara nyingi kwenye kikombe cha plastiki kisicho na kitako, nikazungusha mwingine kwenye dira, nikaunganisha ncha. Ukiingiza sumaku ndani ya kikombe, umeme unapita kwenye waya, na sindano ya dira inacheza. Ndivyo kitabu kinavyosema.

Nasema kitabu kwa sababu, Baba, mimi sikuwahi kuiona sindano hiyo ikicheza. Shuleni kwetu kipimo cha umeme kilikuwa kimoja na kilikufa kabla sijafika. Mwalimu wetu alitufundisha kwa kuchora. Alichora vizuri sana: kikombe hapa, dira pale pembeni, karibu karibu, maana ubao wetu ulikuwa umepasuka na nusu yake haikuandikika. Nilipata ile A kwa kuukariri mchoro huo. Na Jumamosi nilivipanga vifaa vyangu mezani sawasawa na ule mchoro, hata nafasi kati ya kikombe na dira ilikuwa ile ile.

Watu walijaa. Mbele alikaa Mama Akinyi, anayeuza mitumba, na kando yake Musa, kijana anayechinja mbuzi Kiamaiko, aliyekuja na gumboots zake, mabuti ya mpira ya machinjioni. Mwalimu Wairimu alikaa nyuma kabisa, mikono juu ya mkoba. Nilipoanza kuandika, chaki ilikatika. Nikachukua nyingine, nayo ikakatika.

"Pole pole, mwalimu," Musa akasema. "Huo ubao haujakukosea."

Walicheka, na kicheko hicho kilinisaidia. Nikaanza kuwahadithia habari za yule mtoto wa mhunzi. Niliwaambia jinsi mteja mmoja wa pale alipokuwa akijalidi vitabu alivyompa kijana tiketi za kwenda kumsikiliza mwanasayansi mkubwa wa mji, jinsi alivyoandika kila alilosikia, akayajalidi maandishi yake mwenyewe na kumpelekea yule mkubwa kuomba kazi. Akapewa kazi ya kuosha chupa na kuandaa vifaa. Hata waliposafiri pamoja ng'ambo, mke wa yule mkubwa alitaka ale na watumishi.

"Madam kama huyo namjua," Mama Akinyi akasema. "Anakaa Njiru."

"Na huyo jamaa anaitwa nani?" Musa akauliza. Niliandika jina lake ubaoni. Musa alijaribu kulitamka mara tatu, kisha akatangaza, "Zii, limenishinda, huyu ni Mwana wa Mhunzi. Endelea."

Nikaendelea. Nikawaambia kwamba watu wote wa wakati ule walijua umeme unaweza kuzaa sumaku, ila hakuna aliyeweza kufanya kinyume chake. Mwana wa Mhunzi alijaribu kwa miaka. Aliweka sumaku karibu na waya akangoja, na hapakuwa na kitu. Alikuja kugundua kwamba kosa lilikuwa kungoja. Sumaku iliyotulia haizai umeme. Ni lazima isogee. Unaposukuma, sindano inaruka. Unaposimama, inarudi mahali pake.

"Sasa tazameni," nikasema. Nikasukuma sumaku ndani ya kikombe.

Sindano ikaruka! Baba, niliiona kwa macho yangu. Watu walipiga makofi, Musa akasimama na gumboots zake, "Imecheza! Buda, imecheza!" Mama Akinyi akapiga kigelegele kidogo kama cha arusini. Hata Mwalimu Wairimu nilimwona akiitikia kwa kichwa, ameridhika. Nilijua nafasi ni yangu.

Kisha nikaiangalia tena sindano. Mkono wangu ulikuwa umesimama, sumaku imetulia ndani ya kikombe, na sindano haikurudi. Ilibaki imepinda vile vile. Nikafuata waya kwa macho. Ncha moja ilikuwa imechomoka, imelala juu ya meza, haijagusa kitu. Hapakuwa na umeme wowote uliopita. Ilikuwa ni sumaku tu iliyoivuta sindano, kwa kuwa nilikuwa nimeviweka karibu mno, kama kwenye ubao uliopasuka.

Hakuna mtu mwingine aliyeona. Wangeenda nyumbani wamefurahi. Nilifikiria viti vitupu, nikafikiria kusalimiana njiani. Lakini nilikuwa nimetoka kuwaambia kwa mdomo wangu kwamba sindano hurudi, na mtihani wao utawauliza hilo hilo, na Mama Akinyi amelipa ada ya mtihani huo kwa kuuza sweta moja moja. Nikasikia sauti yangu ikisema:

"Naomba mketi. Hii mliyoiona si kweli."

Nikainua ile ncha ya waya wakaiona. Nikawaeleza.

"Kwa hivyo umetuchezea?" mtu mmoja akauliza kutoka kando.

"Nimejichezea mwenyewe," nikajibu. "Nilikuwa sijawahi kulifanya jaribio hili. Nililisoma tu."

Nikakumbuka jambo nililolisoma zamani, nikawaambia, kwa sababu sikuwa na lingine. Wakati ule ule wa Mwana wa Mhunzi, kulikuwa na mtu huko Uswisi aliyeliogopa kosa hili hili. Ili sumaku yake isiivute sindano, aliiweka sindano chumba kingine kwa waya mrefu. Akasukuma sumaku, kisha akatembea kwenda kuangalia. Alipofika, sindano ilikuwa imeshatulia. Akarudi, akasukuma, akaenda tena. Kitu kilikuwepo, ila kila mara alichelewa.

"Si angemwita mtu amwangalilie?" Musa akasema.

"Alikuwa peke yake."

"Basi sisi tuko wengi. Leta hiyo waya."

Baba, sijui kilichotokea kwenye ukumbi ule. Watu wakaanza kusogeza benchi. Waya wa Mzee Njoroge ulikuwa bado mwingi, tukaupitisha dirishani mpaka jikoni mwa kanisa wanakopikia chai. Nilikwangua ncha zote kwa wembe, maana waya ule umepakwa vanishi, nikazisokota kwa nguvu. Musa alikuwa ameshaelekea jikoni na dira ili ailinde.

"Rudi hapa, Musa," Mwalimu Wairimu akasema, akasimama. "Wewe unaweza kushangilia hata nzi. Nitaangalia mimi."

Akaingia jikoni, na mlango ukabaki wazi kidogo. Nilishika sumaku, nikasukuma. Nikangoja.

"Tena," sauti yake ikasema.

Nikaitoa, nikasukuma tena.

"Tena. Upesi zaidi." Halafu, "Sasa simama hapo hapo." Tukangoja mpaka Mama Akinyi akanishika shati. Kisha tukamsikia, si kwa sauti ya mwalimu, ila kama msichana: "Imerudi! Wandera, imerudi mahali pake! Toa sasa! Ah, imeenda upande ule mwingine!"

Kila mtu alitaka kwenda jikoni. Walipokezana, mmoja akisukuma ukumbini na mwingine akipiga kelele jikoni, na ilikuwa sindano ndogo inayosogea kidogo tu, upana wa punje ya mtama. Ukumbi wenyewe haukuwa na stima siku hiyo. Ilikuwa zamu yetu ya kukatiwa.

Walipotoka, Mwalimu Wairimu alibaki akinisaidia kukunja waya. Nilianza kuomba msamaha. Akanikatiza.

"Mimi nilikuwa nimeshaamini," akasema. "Ile ya kwanza. Ungeniacha hivyo, nisingejua." Akakunja waya kidogo, kisha akasema, "Jumanne, saa kumi na moja na nusu. Na ununue chaki nene."

Ndilo jibu langu, Baba. Nitabaki kwa Mzee Njoroge, na Jumanne jioni na Jumamosi mchana nitafundisha. Naomba uniruhusu nikae nione darasa hili likifika kwenye mtihani. Kama bega litazidi, niambie bila kunificha, nami nitapanda basi siku hiyo hiyo.

Nisalimie Mama, umwambie nakula. Nisalimie nyanya, mama yako, na umpigie kelele kidogo maana najua hasikii vizuri. Nisalimie dada yangu Nafula na shemeji, na kaka Ouma aliyebaki na wewe tanurini akibeba sehemu yangu ya kazi, mwambie sijaisahau. Salamu pia kwa mchungaji na mke wake.

Nakuandikia Jumanne ikiwa mbele yangu, na tayari viganja vimelowa jasho. Nitaenda hivyo hivyo.

Mwanao anayekuheshimu,
Wandera