Folda Isiyofunguka ya Mama Bibiane

Jumatatu, tarehe 5 mwezi wa tano 2003

Leo nimekuwa injenia! Miaka miwili hapa Bunia nabeba magunia ya maharage na kuwasha jenereta, na shule niliachia darasa la tano, kwetu Butembo. Lakini Vital, injenia wa kweli, amekwama Kampala, na chef Gérard, mkuu wa ofisi yetu ya misaada, anasema mimi ndiye niliyekaa naye sana karibu na mashine. Nilimshikia tochi tu. Sasa naandika amri aliyoacha Vital kwenye karatasi, na ile mashine kubwa ya Linux inatengeneza nakala ya kazi yote ya ofisi kwenye diski ya kubeba. Chef anaitaka haraka. Askari wa Uganda wanaondoka kesho na kitakachofuata hakuna anayekijua.

Nakala imekufa njiani. Nimejaribu tena — imekufa palepale. Mgongo unauma, na sikubeba kitu.

Jumatano, tarehe 7

Risasi tangu asubuhi, upande wa soko. Tutaondoka Jumamosi, kwa ndege. Vital amepatikana kwa simu ya satelaiti. Anasema kosa ni folda ya Mama Bibiane, katibu wetu. Inaonekana kwenye mashine kubwa, lakini yenyewe inakaa ndani ya kompyuta yake, chumba cha pili, na inamsikia yeye peke yake. Nakala ikikataliwa hapo, inatupa kila kitu ilichokwisha kukusanya. Na Bibiane alikimbia juzi na wanawe kwa barabara ya Komanda, hana simu. Basi iachwe nje, anasema Vital. Niandike exclude, kisha njia ya folda hiyo.

Nikaandika. Sekunde moja — imemaliza! Nikajipigia makofi. Vital akauliza ukubwa. Sifuri.

"Weye muzee, umeandika /home tu. Umeacha ofisi yote inje."

Alicheka mpaka simu ikakatika. Mimi pia nilicheka, chini ya meza, maana risasi zilikuwa zimesogea.

Ijumaa, tarehe 9

Imekubali. /home/bibiane, herufi kwa herufi, kwa kidole kimoja. Nakala imekwenda kwa muda wa saa moja na robo bila kulalamika. Chef amenipa soda ya moto na kuniita docteur.

Ndipo nikauliza, ndani ya hiyo tuliyoiacha mna nini? Ni watoto, akasema. Mia mbili na kumi na wawili waliopotezana na wazazi: jina, kijiji, na nyumba inayomhifadhi kila mmoja. Bibiane hakutaka karatasi, kwa sababu karatasi inasomwa na yeyote mwenye bunduki. Mahali pengine popote hakuna orodha hiyo. Tufanye nini, akasema, kwenye ndege kila mtu begi moja tu.

Kazi yangu ya kwanza ya uinjenia imekwenda vizuri, na ndiyo hiyo. Soda sikuimaliza.

Jumamosi, tarehe 10

Ndani ya lori, njia ya uwanja wa ndege. Nguo zangu zimebaki ofisini, sufuria pia. Begi langu limebeba kompyuta ya Bibiane, nzima. Kutoa diski yake sijui, kubeba najua. Akipatikana ataifungua mwenyewe.

Tumesimama. Vijana wenye bunduki wamefunga barabara kwa kamba. Wanafungua kila begi, na vitu vya umeme wanavitupa kwenye gari lao. Mbele yetu magari matatu.

Chef ameona pembe za begi langu.

"Paluku, iyo ni nini?"

"Ni batoto, chef."

Chef ametandika koti lake juu ya begi, akalikalia, akajishika tumbo na kuanza kuugua. Anaugua vizuri kuliko nilivyotegemea kwa mtu wa ofisi.

Magari mawili.

Bibi mmoja anamletea maji, anamwuliza kama ni kipindupindu. Chef anasema ndiyo, kwa sauti. Watu wamesogea mbali.

Moja. Chef ananiambia niache kuandika, nimshike mkono.